Msaidizi wa Nani?

Mjomba wangu alikuwa na mzaha mmoja aliourudia mpaka ukatuchosha. Mtu akimwuliza anafanya kazi gani, anajibu, "Daktari Msaidizi." Ananyamaza kidogo, anakuna kidevu, halafu anaongeza, "Ila mpaka leo sijajua ni msaidizi wa nani." Anacheka mwenyewe, na sisi watoto tunacheka kwa kuwa yeye kacheka.

Mwaka 1999 nilikuwa darasa la nne, nikipelekwa kwake likizo kutoka Dar es Salaam. Mzaha ule sikuuelewa. Nilikuja kuuelewa usiku mmoja wa mvua. Mlango uligongwa, mlinzi wa hospitali ya wilaya akasimama barazani na tochi, maji yanamchuruzika. "Dokta, kuna mzazi. Kaletwa kwa baiskeli. Siku ya pili huyu hajajifungua." Mjomba alivaa viatu bila soksi akaondoka. Daktari mwenye shahada, yule ambaye kwa karatasi ndiye aliyepaswa kusaidiwa, alikuwa mkoani kwenye semina, kama alivyokuwa wiki iliyotangulia.

Alirudi jua limechomoza. Ananuka spiriti na jasho. Shangazi akamwekea uji. "Mama mzima, mtoto mzima," akasema, akanywa uji, akalala na viatu miguuni. Basi, habari ikaishia hapo. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeandika gazetini. Mwisho wa mwezi alipokea mshahara ambao ulikuwa ukifika tarehe 18 umekwisha, na baada ya hapo tulikula mahindi ya shamba lake na maziwa ya ng'ombe wake. Ndipo nikajiuliza swali ambalo mpaka leo linanikosesha raha: ikiwa aliyepaswa kusaidiwa hayupo, na mkono ulioshika kisu ni wa msaidizi, kwa nini mshahara nao uwe wa msaidizi?

Ndugu msomaji, swali hilo lina historia ndefu kuliko umri wa mjomba wangu. Hebu turudi nyuma.

Bibi yangu hakuwahi kutamka "Daktari Msaidizi". Kwake yeye kila mtu wa hospitali asiyekuwa Mzungu alikuwa "dresa". Neno hilo tumelirithi kutoka wakati wa Mwingereza. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliamua kwamba haiwezi kupeleka madaktari vijijini, na wala haikuwa na nia ya kuwalipa. Ikachukua vijana, ikawafundisha kwa muda mfupi kuosha vidonda, kufunga bandeji na kutoa dawa za maradhi ya kawaida, kisha ikawarudisha kwao. Mshahara wao haukutoka katika fungu la serikali kuu. Ulitoka katika hazina ya utawala wa wenyeji, yaani kodi ya wanakijiji wenyewe. Tazama ujanja huo. Kazi ni moja, ya kutibu watu, lakini madaftari ya mishahara ni mawili. Daftari la daktari liko mjini, daftari la dresa liko kwa chifu. Bendera imebadilika, majina ya vyeo yamebadilika mara nyingi, lakini ile fikra ya madaftari mawili haikung'oka kirahisi.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na watu kama milioni 9. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha watu kwamba nchi ilianza na madaktari 12 tu waliosomea kazi hiyo. Hata kama ungewagawa kwa haki, mmoja angehudumia umati mkubwa mno. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam. Lakini daktari haivi kama maandazi, anahitaji miaka. Kwa hiyo mwaka huohuo wa 1963 ikaanzishwa njia ya pili: wale waganga wasaidizi waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa waitwe, waongezewe mafunzo, warudi mawilayani na madaraka makubwa zaidi. Hao ndio Madaktari Wasaidizi.

Njia yao ilikuja kuwa hivi. Kijana anamaliza kidato cha nne, anasoma miaka 3 awe Afisa Tabibu. Anafanya kazi angalau miaka 3. Kisha anarudi darasani miaka 2. Ndani ya miaka hiyo 2 anakaa miezi kama 3 katika upasuaji na miezi kama 3 katika uzazi. Baada ya hapo anaweza kutumwa mahali ambapo yeye ndiye atakayempasua mama aliyeshindwa kujifungua, ndiye atakayeshona utumbo uliotoboka na ndiye atakayefungua ngiri iliyojinyonga. Hesabu miaka: 3 na 3 na 2 ni 8. Daktari wa chuo kikuu alisoma miaka 5 baada ya kidato cha sita, na mwaka mmoja wa mazoezi. Mjomba hakuwa mtu wa njia ya mkato. Alipita njia ndefu, ila haikuwa na kibao chenye jina la chuo kikuu.

"Sasa mjomba," nilimwuliza siku moja nilipokuwa kidato cha kwanza, najiona nimeshajua hesabu za dunia, "si urudi shule ukamalizie udaktari?"

Akacheka. "Nimalizie? Wewe unadhani wataniambia nimalizie? Wataniambia nianze."

Na ndivyo ilivyokuwa. Daktari Msaidizi aliyetaka kuwa daktari kamili hakuhesabiwa hata usiku mmoja wa thieta. Aliingia chuo kikuu mwaka wa kwanza, akae na watoto wa umri wa mwanawe, afundishwe mifupa ya mkono ambao yeye ameushona mara nyingi. Mjomba alikuwa na watoto wanne na ng'ombe watatu. Alibaki pale alipokuwa. Kila baada ya muda aliletewa daktari mpya kutoka chuo, kijana mpole, ametakata, mkono unatetemeka kidogo. Mjomba alisimama upande wa pili wa kitanda akimwonyesha: hapa kata, hapa usikate, hapa subiri. Kijana akiiva, anahama. Anakwenda kusomea ubingwa, au anakwenda mjini, au nje ya nchi. Na kitu kimoja mjomba alikuwa akikisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa: yule kijana, tangu mwezi wake wa kwanza, alipokea mshahara mkubwa kuliko wa anayemfundisha.

Simlaumu yule kijana. Miaka ile haikuwa rahisi kwa mtu yeyote. Mwaka 1993 serikali, ikibanwa na masharti ya kurekebisha uchumi, ilisimamisha ajira mpya katika afya, na mwaka huohuo wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Aliyestaafu hakuzibiwa pengo. Aliyebaki alibeba zamu mbili. Shangazi aliwahi kuniambia kwamba katika miaka hiyo alisahau uso wa mumewe, alikumbuka mgongo tu, kwa sababu alimwona akitoka au akilala.

Lakini nisije nikakufanya uamini kwamba hili ni la Tanzania peke yake. Vuka mto Ruvuma uone.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na madaktari wengi Wareno wakafunga mizigo. Ikaja vita. Watu wanapigwa risasi, wanakanyaga mabomu, akina mama wanakufa katika uzazi, na wapasuaji hawapo. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuwafundisha watu wa tabaka la kati la afya, miaka 3, kazi ya upasuaji. Wakaitwa mafundi wa upasuaji, na jina hilo lina ukweli wake. Hawakuwaita wasaidizi, waliwaita mafundi.

Watafiti walikuja kuwafuatilia baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mwaka 2002 mafundi hao ndio waliofanya asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya za Msumbiji. Uliangalia pia nani anabaki wilayani. Baada ya miaka 7 tangu kuhitimu, asilimia 88 ya mafundi waliopelekwa wilayani walikuwa bado wapo. Madaktari je? Sifuri. Hakuna hata mmoja. Na hapa kwetu, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma, ulilinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na Madaktari Wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada. Matokeo kwa mama na kwa mtoto hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Soma tena mistari hiyo, msomaji, kisha jiulize kwa nini mtu wa namna hiyo anabaki. Wapo wanaosema anabaki kwa sababu ana moyo. Kweli, mjomba alikuwa na moyo. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haipendezi kusemwa jukwaani: anabaki kwa sababu cheti chake hakimpeleki popote. Nje ya mipaka hakitambuliwi. Chuo kikuu hakikihesabu. Hospitali kubwa ya mjini inamwambia wewe ni msaidizi, usiguse. Cheti kinachofanya kazi wilayani tu ni kama kamba ndefu: ng'ombe anaona uwanja wote ni wake mpaka siku anapotaka kuvuka barabara. Na mwajiri anayejua kwamba huna pa kwenda hana haraka ya kukuongeza mshahara.

Ndiyo maana nikaanza kutafuta wengine wa aina ya mjomba. Nilipata wawili. Wa kwanza ananifurahisha. Wa pili ananiaibisha, na nitakueleza kwa nini.

Wa kwanza ni Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakulia Nashville. Alikuwa seremala, akiweka akiba ili asome aje kuwa daktari. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka. Februari 1930 akapata kibarua katika maabara ya mpasuaji kijana aitwaye Alfred Blalock, chuo kikuu cha Vanderbilt. Miezi michache baadaye benki ilifunga milango, na akiba yake yote ya shule ikayeyuka. Mshahara ulikuwa dola 12 kwa wiki.

Thomas alijifunza haraka. Alifanya majaribio, akapasua wanyama wa maabara, akaandika matokeo. Siku moja, akizungumza na mfanyakazi mwenzake mweusi, akagundua kwamba katika daftari la chuo yeye ameandikwa kama mfagiaji. Hebu fikiria. Mtu anafanya utafiti kuhusu mshtuko wa kupoteza damu, utafiti uliokuja kuwafaa askari wengi katika Vita Kuu ya Pili, na karani wa mishahara anamlipa kwa ufagio. Hakupiga kelele. Alimwendea bosi akamwambia kazi anayoifanya ni ya fundi wa maabara na anataka alipwe kama fundi wa maabara. Mshahara ukaongezeka.

Mwaka 1941 Blalock alihamia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akamchukua Thomas. Huko watu weusi wengine waliokuwa wakifanya kazi walikuwa wafagiaji. Thomas alipokatiza na koti jeupe watu waligeuza shingo. Daktari Helen Taussig aliwaletea tatizo la watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo, damu haipati hewa ya kutosha, midomo na kucha zinakuwa za bluu. Thomas ndiye aliyeshinda maabara akitafuta njia, akiipima kwa mbwa wengi, mpaka ikakubali. Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto wa kwanza alilazwa kitandani, mtoto mdogo wa kike aitwaye Eileen Saxon. Blalock alishika kisu. Thomas alisimama juu ya kistuli nyuma ya bega lake akimwongoza, kwa kuwa upasuaji huo yeye alikwisha kuufanya mara nyingi kwa wanyama, na bosi alikuwa ameufanya mara moja tu, tena kama msaidizi wake. Naam, katika maabara Blalock alikuwa msaidizi wa Thomas. Swali la mjomba limejibiwa kule Baltimore: msaidizi wa nani? Inategemea uko chumba gani.

Yule mtoto aliishi miezi kadhaa tu, lakini njia ilikuwa imepatikana. Waliomfuata walipona kwa mamia. Mwaka 1945 makala ya kitaalamu ikatoka ikiwa na majina mawili, Blalock na Taussig. La Thomas halikuwamo. Na jioni, ili familia ishibe, mtu huyu alikuwa akipika vinywaji na kuhudumia wageni katika sherehe nyumbani kwa Blalock. Wageni wale walikuwa madaktari, na baadhi yao mchana alikuwa amewafundisha kushona mishipa. Alipotishia kurudi Nashville kwenye useremala, ndipo mwaka 1946 mshahara ukapandishwa vilivyo. Alijaribu pia kusoma. Alijiandikisha chuo cha Morgan State, akakuta ataanzia mwaka wa kwanza kama mtoto aliyetoka sekondari leo. Akapiga hesabu ya umri wake, akaacha.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikamsikia mjomba: "Wataniambia nianze."

Haki ya Thomas ilichelewa lakini ilifika akiwa hai. Mwaka 1971 picha yake ilichorwa na kutundikwa Johns Hopkins. Mwaka 1976 chuo kilimpa shahada ya heshima, na akawa rasmi mwalimu wa upasuaji. Alifariki Novemba 1985. Na kuna kitu kimebadilika nchini mwake. Mwaka 1965 chuo kikuu cha Duke kilianzisha kozi ya madaktari wasaidizi kwa kuwachukua waliokuwa matabibu wa jeshi la majini. Wa kwanza walihitimu mwaka 1967. Leo kazi hiyo ina shahada, ina leseni, ina chama cha kuitetea, na takwimu za serikali ya Marekani za miaka ya karibuni zinaonyesha mtu wa katikati kwenye fani hiyo akipata zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka. Lakini kunao pia mafundi na wasaidizi wa thieta, wanaopanga vyuma na kushikilia kidonda, ambao hupata karibu nusu ya hapo. Kwa hiyo hata huko kwa wenye nacho, neno "msaidizi" lina vyumba viwili, na mlango kati yao ni karatasi.

Sasa nimfikie wa pili. Hamilton Naki alizaliwa miaka ya 1920 kijijini Transkei, Afrika Kusini. Alipofika umri wa miaka 14 hivi aliacha shule akaenda Cape Town kutafuta kazi, akawa mtunza bustani wa chuo kikuu, akitengeneza viwanja vya tenisi. Mwaka 1954 mtaalamu Robert Goetz alihitaji mtu wa kumsaidia kumshika twiga aliyekuwa akichunguzwa. Naki akaitwa. Kutoka kwa twiga akabaki maabara. Alijifunza kutia wanyama nusu kaputi, kisha kupasua, kisha kupandikiza viungo. Mikono yake ilikuwa myepesi mno. Akawa anawafundisha madaktari kupandikiza maini ya nguruwe na mbwa, katika maabara iliyohusiana na Christiaan Barnard, yule aliyepandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1967. Kwa sheria za ubaguzi, mtu mweusi kama yeye hakuweza kumgusa mgonjwa Mzungu thieta. Alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani.

Mwaka 2005, nikiwa kidato cha pili, Naki alifariki, na habari zake zikazunguka dunia nzima. Zilikuwa habari tamu kupita kiasi: kwamba usiku ule wa 1967 Naki alikuwamo thieta kwa siri, kwamba ni yeye aliyeutoa moyo wa yule aliyekufa, na kwamba pichani walimwita mfagiaji. Magazeti makubwa ya Uingereza na Marekani yaliandika hivyo. Mimi ni nani nisiandike? Niliandika insha kwenye gazeti la ukutani la shule yetu, kurasa nne za kalamu ya wino, nikaongeza na jasho lililokuwa likimtiririka Naki usoni alipoushika ule moyo. Walimu walinisifu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alilia. Niliamua siku hiyo kwamba nitakuwa mwandishi.

Haikuwa kweli. Naki hakuwamo thieta usiku ule. Magazeti yaleyale yalisahihisha kabla mwaka 2005 haujaisha. Mimi niligundua miaka kadhaa baadaye, na nilikaa kimya. Nani angekumbuka insha ya ukutani? Lakini ilinitafuna. Ilinitafuna zaidi nilipoelewa nilichomfanyia yule mzee. Nilimpokonya miaka yote aliyofanya kazi kweli nikampa usiku mmoja ambao hakuwapo. Maini aliyoyapandikiza, madaktari aliowafundisha, vyote nikavipita mbio nifike kwenye ule moyo. Kana kwamba kufundisha wapasuaji huku unalipwa kwa jembe si habari ya kutosha. Kana kwamba mtu aliyedhulumiwa ni lazima kwanza awe shujaa ndipo adai mshahara wake.

Na tazama madhara yake. Uongo ulipofichuka, wapo waliosema, "Aa, kumbe zilikuwa hadithi tu." Dhuluma ya kweli ikazama pamoja na hadithi ya uongo. Afrika Kusini ilikuwa imemtunuku nishani ya taifa mwaka 2002, na chuo kikuu cha Cape Town kikampa shahada ya heshima mwaka 2003, vyote kwa kazi aliyoifanya kweli. Ilitosha. Sisi wenye kalamu ndio hatukutosheka.

Haya yote yamenirudia mwaka huu kwa sababu ya binti wa mjomba. Yeye ni Afisa Tabibu, mwaka wa sita kazini. Tangu mdogo alitaka kufuata nyayo za baba yake, asome ile miaka 2, awe Daktari Msaidizi. Njia hiyo imezibwa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ilisitisha kozi hiyo. Nchi sasa inatoa madaktari wengi wa shahada, na wakubwa wakaona ngazi ya kati haina haja tena. Huenda wana hoja. Mgonjwa yeyote, awe wa Masaki au wa kijijini, anastahili daktari kamili. Lakini aliyeondoa ngazi ya katikati hakuirefusha ile ya chini. Binti akitaka kupanda lazima aruke: mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, miaka 5, kisha mwaka wa mazoezi. Ana miaka 31, ana mtoto mmoja, na mshahara unaojulikana unakoishia.

Alikuja kwangu na fomu mkononi. "Kaka, wewe unasoma vitabu. Niambie. Nianze?"

Nilimweleza habari za Thomas aliyepiga hesabu ya umri akaacha. Nilimweleza habari za Msumbiji, ambako katika miaka ya 2000 wale mafundi wa upasuaji walifunguliwa njia ya shahada ndani ya kazi yao wenyewe, bila kutakiwa kujifanya hawajui wanachokijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpole kama baba yake. Kisha akasema, "Ya Msumbiji nzuri. Ila fomu niliyo nayo si ya Msumbiji."

Sikuwa na jibu. Historia hailipi ada. Kazi inayoiweza ni kumwonyesha mtu kwamba ukuta anaoutazama ulijengwa, tena na watu, tena mwaka fulani, na kwamba kwingine watu wamewahi kutoboa mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsomea mjomba makala hii. Alistaafu mwaka 2014. Macho yamepungua nguvu, mikono bado imetulia. Anapomenya chungwa ganda linatoka zima bila kukatika. Ana madaftari yake ya zamani ndani ya sanduku la bati: tarehe, umri wa mgonjwa, alichokata, matokeo. Nilihesabu ukurasa mmoja, mistari 31. Kwenye mistari miwili ameandika neno "Amefariki", na chini yake sababu, kwa mwandiko uleule, bila kujificha. Nikamwuliza kama nimwandike kwamba hakupoteza mgonjwa. Nilitaka kumpima, au labda nilitaka kujipima mimi.

"Usiniongezee," akasema. "Na usinipunguzie."

Nikaendelea kusoma. Nilipofika mahali nilipokuwa nimeandika "mjomba wangu, daktari", akanyanyua mkono.

"Hapo futa. Andika Daktari Msaidizi, kama ilivyo kwenye barua ya ajira. Halafu waambie hao wasomaji wako vijana wanisaidie kumtafuta huyo niliyekuwa namsaidia. Nina madai yake ya miaka thelathini."

Safari hii hakucheka. Nami nimefuta, nikaandika kama alivyosema.